Jeshi la Farao: magari ya farasi yalikuja lini, na nani hasa aliyepigana?

Karibu kila mmoja wetu ana picha ile ile kichwani. Wengine tuliipata kanisani tukiwa watoto, wengine madrasa, kwenye kisa cha Nabii Musa na bahari. Farao amesimama juu ya gari la kukokotwa na farasi, nyuma yake yanakuja mamia ya magari kama hilo, na mbali kidogo zinaonekana piramidi, nyingine zikiwa bado zinajengwa. Siku hizi picha hiyo inatengenezwa kwa kompyuta, inatiwa muziki wa kutisha na kusambazwa kwenye simu, na chini yake mabishano hayaishi. Mmoja anasema jeshi la Misri lilikuwa la watumwa. Mwingine anasema Wanubi walikuwa watu wa kutekwa tu. Wa tatu anaapa kwamba Ramesses wa Pili hakuwahi kushindwa, na wa nne anafunga mjadala kwa kisa cha Waajemi waliowashinda Wamisri kwa kwenda vitani na paka.

Tuanze na picha yenyewe. Piramidi kubwa ya Khufu pale Giza ilijengwa karibu mwaka 2560 KK. Farasi na magari ya vita yalienea Misri karibu mwaka 1600 KK. Katikati hapo pana karibu miaka elfu moja. Anayechora gari la farasi likipita mbele ya mafundi wa Khufu ni sawa na anayechora daladala likipita mbele ya mafundi wanaoweka mawe ya kwanza ya Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani. Kwa zaidi ya nusu ya historia yao, Wamisri wa kale walipigana bila farasi hata mmoja, na walipigana vizuri tu. Swali la maana basi ni walipigana kwa kutumia nini, na kwa mikono ya nani.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno

"Farao", au "Firauni" kwa wasomaji wa Qurani, si jina la mtu mmoja. Ni neno la Kimisri lililomaanisha "nyumba kuu", yaani ikulu, na ni katika Ufalme Mpya tu ndipo watu walipoanza kumwita mfalme mwenyewe kwa jina la nyumba yake. Kwetu neno hilo limegeuka hata tusi. Mtu katili huitwa firauni. Lakini waliokaa kwenye kiti hicho walikuwa wengi, wa koo mbalimbali, na kama tutakavyoona, baadhi yao hawakuwa Wamisri.

Wanahistoria huigawa Misri ya kale katika vipindi vikubwa vitatu: Ufalme wa Kale (karibu 2686 hadi 2181 KK), ambao ni wakati wa piramidi kubwa, Ufalme wa Kati (karibu 2055 hadi 1650 KK), na Ufalme Mpya (karibu 1550 hadi 1070 KK), wakati wa Thutmose, Tutankhamun na akina Ramesses. Katikati ya vipindi hivyo nchi iligawanyika, na baada ya kile cha mwisho ikatawaliwa mara nyingi na wageni. Miaka ya KK huhesabiwa kurudi nyuma, kwa hiyo 2500 KK ni zamani kuliko 1500 KK.

Neno la tatu ni Wanubi. Msomaji wa Nairobi au Kampala akilisikia huwaza Kibera au Bombo. Jamii hizo zinatokana na askari wa Kisudani walioletwa Afrika Mashariki katika karne ya 19, na hao si ninaowazungumzia. Nubia ya kale ni ukanda wa Mto Nile kusini ya Aswan, unaoingia katika Sudan ya leo. Wamisri waliiita sehemu yake ya kaskazini Ta-Seti, "nchi ya upinde". Jina hilo tulishike, kwa sababu tutalihitaji mpaka mwisho.

Vita vya miguu, mashua na mkate

Moja ya kumbukumbu za kale kabisa za vita vya Misri ni bamba la jiwe la mfalme Narmer, la karibu 3100 KK, lililofukuliwa Nekhen mwaka 1898. Upande mmoja mfalme amemkamata adui nywele na kuinua rungu. Upande wa pili kuna safu za maiti zilizokatwa vichwa, vichwa vyenyewe vikiwa vimewekwa katikati ya miguu. Mfalme na rungu lake, adui amepiga magoti: picha hiyo ilirudiwa kwenye kuta za mahekalu kwa miaka elfu tatu, hata na wafalme ambao rungu halikuwa tena silaha ya vita vyao. Ilikuwa nembo. Anayeisoma kama picha ya tukio atapotea.

Vita vyenyewe vilikuwa vya watembea kwa miguu. Silaha zilikuwa upinde na mishale, mkuki, shoka, rungu na ngao ya ngozi ya ng'ombe. Askari wa kawaida alivaa kikoi cha kitani, bila deraya, na mara nyingi bila kofia ya kumkinga. Mizigo ilibebwa na punda, na pale ilipowezekana, na mashua.

Mashua hizo zinastahili maneno mawili zaidi. Mtu wa pwani anajua kwamba jahazi lilingoja kusi au kaskazi. Upepo wa kwenda si upepo wa kurudi, na kati yake kuna miezi ya kusubiri. Nile iliwapa Wamisri pande zote mbili kwa wakati mmoja. Maji yanakwenda kaskazini, na upepo mwingi unavuma kuelekea kusini. Ukitaka kwenda kusini unatweka tanga, ukitaka kurudi unalishusha na kuuacha mto ukubebe. Jeshi na chakula chake liliweza kusafiri hivyo mpaka kwenye maporomoko ya Aswan. Kutoka hapo mashua ziliburutwa nchi kavu au kupitishwa kwenye mifereji iliyochimbwa miambani, na kila mwendo ukawa mgumu.

Kuhusu watu: katika Ufalme wa Kale hapakuwa na jeshi kubwa la kudumu. Neno lao mesha lilimaanisha jeshi, na lilimaanisha pia kundi la watu waliotumwa kuchimba mawe au kuleta dhahabu. Wilaya ziliagizwa zitoe watu, watu wakatolewa, mwaka huu kwenda machimboni, mwaka mwingine vitani. Anayekumbuka msaragambo vijijini ataelewa utaratibu wake, ila hapa unaweza kurudi nyumbani ukiwa na mshale ubavuni.

Tunajua haya kwa sababu ya mtu anayeitwa Weni, aliyechonga habari zake kaburini kwake Abydos karibu 2280 KK. Weni alikuwa afisa wa ikulu, hakuwa mwanajeshi kwa kazi, lakini mfalme Pepi wa Kwanza alimpa uongozi wa jeshi dhidi ya watu aliowaita "wakaao mchangani", upande wa Sinai na kusini mwa Kanaani. Anasema jeshi lake lilikuwa la makumi elfu, na hesabu hiyo tuichukue kwa tahadhari. Kinachovutia ni orodha ya waliolijaza: watu wa Misri ya juu na ya chini, kisha Wanubi wa Irtjet, wa Medja, wa Yam, wa Wawat, na Walibya. Kumbe tangu enzi za wajenzi wa piramidi, "jeshi la Misri" lilikuwa na majirani ndani yake. Halafu Weni anajisifu kwa jambo ambalo sikulitarajia nilipolisoma mara ya kwanza: kwamba chini ya uongozi wake hakuna askari aliyempokonya msafiri mkate au viatu, wala aliyechukua nguo kijijini, wala mbuzi wa mtu. Sifa kama hiyo hutolewa pale tu ambapo kila mtu anajua askari kwa kawaida hufanya nini.

Nchi ya upinde

Wanubi walikuwa adui, jirani, mshirika na askari wa Misri, mara nyingine yote hayo ndani ya kizazi kimoja. Katika kaburi la gavana Mesehti huko Asyut, la miaka ya 2000 KK hivi, vilipatikana vikundi viwili vya sanamu ndogo za mbao: askari 40 wa Kimisri wenye mikuki na ngao, na wapiga mishale 40 wa Kinubi. Idadi ni sawa kwa sawa. Gavana aliyetaka kulindwa hata baada ya kufa hakuona kikosi kimekamilika bila upinde wa kusini.

Miaka mia na ushee baadaye, wafalme wa Ufalme wa Kati wakawa wanajenga ngome dhidi ya nchi ile ile. Zilijipanga kando ya Nile: Buhen, Mirgissa, Shalfak, Uronarti, Semna. Kuta za Buhen zilikuwa za matofali ya udongo, unene wake karibu mita 5, zikiwa na mahandaki na vitundu vya kupigia mishale. Nyingi zimefunikwa na maji ya bwawa la Aswan tangu miaka ya 1960. Mfalme Senusret wa Tatu alisimamisha jiwe Semna lenye amri ya wazi: Mnubi asipite kuelekea kaskazini, kwa miguu wala kwa mashua, isipokuwa anayekwenda kufanya biashara Iqen au aliyetumwa kwa ujumbe. Ngome hizo, kwa kiasi kikubwa, zilikuwa vituo vya forodha vyenye silaha. Dhahabu, pembe za ndovu na ngozi zilipita hapo, na mfalme alitaka kujua nani amepita na nini.

Zimebaki hata ripoti za doria kwenye karatasi za mafunjo. Moja inaeleza kwamba wapelelezi wameona nyayo za watu 32 na punda 3 jangwani. Hapo hapana mfalme mwenye rungu. Kuna karani anayeandika hesabu ya nyayo na kuipeleka kwa mkubwa wake. Mimi naiona Misri zaidi katika karatasi ile kuliko katika sanamu yoyote ya Abu Simbel.

Hyksos: "wavamizi" waliokuwa tayari wanaishi humo

Sasa tufike kwenye farasi, na kwenye fundo gumu la hadithi hii. Simulizi iliyozoeleka inasema kabila la wachungaji wakali kutoka Asia, Hyksos, lilivamia Misri likiwa juu ya magari ya farasi, na Wamisri ambao hawajawahi kuona kitu kama hicho wakasambaratika.

Hyksos si kabila. Ni matamshi ya Kigiriki ya maneno ya Kimisri heka khasut, "watawala wa nchi za kigeni". Tafsiri ya "wafalme wachungaji" ilikuja na mwanahistoria Josephus katika karne ya kwanza BK, akimnukuu kuhani wa Kimisri Manetho aliyeishi zaidi ya miaka elfu moja baada ya Hyksos. Hata Manetho mwenyewe, katika nukuu hiyo, anasema waliitwaa nchi kwa urahisi, bila kupigana. Uchimbaji wa Tell el-Dab'a, ambako ndiko Avaris, mji mkuu wao katika delta, unaonyesha watu kutoka upande wa Kanaani wakiishi hapo kwa vizazi vingi kabla ya utawala wa Hyksos kuanza karibu 1650 KK. Walikuwa mabaharia, wafanyabiashara, mafundi na askari. Dola ya Wamisri ilipodhoofika, waliokuwa na nguvu kwenye delta wakajitangazia ufalme.

Magari ya farasi hayakuhitaji uvamizi ili yafike. Yalikuja kama vitu vingi vinavyokuja kupitia mji wa biashara. Pamoja nayo zilikuja silaha nyingine mbili. Ya kwanza ni upinde wa kuunganishwa, uliotengenezwa kwa tabaka za mbao, pembe na mishipa ya mnyama, wenye nguvu kuliko upinde wa mti mmoja. Ya pili ni khopesh, panga lililopinda lenye makali upande wa nje.

Gari lenyewe tulielewe vizuri, maana sinema zimeliharibu. Usiwaze kifaru. Waza pikipiki: dereva ameshika hatamu, mwenzake aliyesimama naye anapiga mishale. Gari la Kimisri lilikuwa jepesi kiasi kwamba kwenye michoro anaonekana fundi akiwa amelibeba begani. Lilikuwa na magurudumu mawili yenye njiti, sakafu ya kamba za ngozi zilizosukwa, na mbao zilizopindwa kwa ustadi, nyingine za miti isiyoota Misri. Magari 6 yalikutwa katika kaburi la Tutankhamun mwaka 1922, na anayeyatazama hushangaa jinsi yalivyo membamba. Kuliingiza katikati ya safu ya mikuki kungekuwa kuwaua farasi. Kazi yake ilikuwa kukimbia kando ya adui, kumimina mishale, kugeuka, kurudi, na kuwafukuza wanaokimbia. Yalihitaji uwanja tambarare, farasi waliofunzwa, mafundi, na nafaka nyingi za kuwalisha. Ni silaha ya dola yenye ghala.

Waliowang'oa Hyksos walitoka Thebes, kusini. Maiti iliyokaushwa ya mfalme Seqenenre Tao ina majeraha makubwa kichwani, na mwanya wa mojawapo unafanana na shoka la aina iliyotumika Avaris. Alikufa kifo kibaya. Mfalme Kamose akaviendeleza vita, na mfalme Ahmose aliyemfuata akauteka mji wa Avaris.

Kiganja kimoja, dhahabu moja

Katika jeshi la Ahmose alikuwemo kijana wa El-Kab, naye akiitwa Ahmose, mwana wa Ebana. Kaburi lake lina maelezo ya maisha yake ya kijeshi. Alianza kwenye meli badala ya baba yake, kabla hajaoa, kisha akapigana kwa miguu akilifuata gari la mfalme. Kila alipoua, alikata kiganja cha adui na kukipeleka kwa mtangazaji wa mfalme, naye akapewa "dhahabu ya ushujaa". Mara saba alipewa dhahabu mbele ya watu, tena akapewa mateka kama watumwa, na mashamba.

Desturi ya viganja inatisha, lakini ifikirie kama karani angefikiria. Makarani walihitaji kuhesabu waliouawa, na askari hawaaminiki wakijihesabia wenyewe. Kiganja cha kulia mtu anacho kimoja tu. Hapo Avaris wanaakiolojia walifukua mashimo yenye viganja vya kulia vilivyokatwa, ndani ya eneo la kasri la Hyksos, kwa hiyo hayakuwa maneno ya ukutani tu.

Malipo haya yanaeleza jambo moja linalowashangaza wengi kuhusu vita vya Megido, karibu 1457 KK. Thutmose wa Tatu alikuwa na njia tatu za kuufikia mji huo wa Kanaani. Makamanda wake walimsihi asipite njia nyembamba ya Aruna, ambapo farasi angemfuata farasi na mtu mtu, huku wa nyuma wakiwa bado hawajafika. Akapita hapo hapo, na maadui waliokuwa wakimngoja kwenye njia nyingine wakashtukizwa. Walikimbilia mjini, malango yakafungwa, wakavutwa juu ya kuta kwa nguo. Mji ungeweza kutekwa siku ile ile, lakini askari wa Misri waliacha kuwafukuza wakaanza kuchukua mali iliyoachwa kambini. Ikabidi wauzingire kwa miezi 7.

Tukiwalaumu kwa uroho, tutakuwa tumesahau namna walivyolipwa. Hawakuwa na mshahara wa mwisho wa mwezi. Posho ilikuwa mkate na bia, na utajiri ulikuwa ule wa kuokota vitani. Nyara za Megido zimeorodheshwa kwenye hekalu la Karnak: farasi 2,041, magari 924, pinde 502. Wafungwa walikuwa 340, na viganja 83. Angalia viganja hivyo. Vita ambavyo wengi huvitaja kama mwanzo wa himaya ya Misri katika Asia vilihesabiwa viganja 83 tu, kwa sababu ushindi ulikuwa wa kuziba njia, kunyima chakula na kungoja.

Kadeshi: ushindi uliochongwa

Hakuna vita vya kale vilivyoandikwa na mshindi anayejitangaza kama vile vya Kadeshi, karibu 1274 KK, kati ya Ramesses wa Pili na Wahiti, dola kubwa iliyokuwa na makao yake katika Uturuki ya leo. Kadeshi ulikuwa mji wa Shamu, karibu na Homs.

Ramesses alikwenda na vikosi vinne, kila kimoja kikiwa na jina la mungu: Amun, Ra, Ptah na Seth. Vilitembea kwa kuachana. Wabedui wawili wakaja kambini wakasema mfalme wa Wahiti, Muwatalli, yuko mbali huko Halab kwa sababu anaogopa. Ramesses akawaamini, akatangulia na kikosi cha Amun, akapiga kambi kaskazini-magharibi ya mji. Ndipo walipokamatwa wapelelezi wawili wa Kihiti, wakapigwa mpaka wakasema: jeshi lote la Muwatalli liko nyuma ya Kadeshi, tayari.

Magari ya Wahiti yakavuka mto na kukikuta kikosi cha Ra kikiwa safarini, bila mpango. Kikasambaratika, na wakimbizi wake wakaingia kambini kwa Amun na kuwatia wenzao hofu. Kuanzia hapo maandishi ya Misri yanasimulia kwamba mfalme alibaki peke yake, akamlilia Amun, akavamia maelfu akiwa na dereva wake Menna aliyekuwa akitetemeka. Ushujaa wake binafsi siukatai. Mtu aliyezingirwa hupigana. Lakini michoro ya Ramesses mwenyewe inaonyesha sababu nyingine mbili zilizomwokoa. Wahiti walisimama kupora kambi, kosa lile lile la Wamisri wa Megido. Na wakati huo kikafika kikosi cha Nearin kutoka upande wa pwani, kikawapiga Wahiti kutoka nyuma. Walirudi mpaka mtoni, na mkuu wa Halab anaonekana kwenye mchoro akiwa ameshikwa miguu juu, kichwa chini, atapike maji aliyomeza.

Sasa pima matokeo. Ramesses alikwenda kuuteka Kadeshi. Aliondoka bila kuuteka. Wahiti wakaendelea kuushika, wakairudisha nchi jirani ya Amurru chini yao, na wakasonga mpaka upande wa Dameski. Kwa lugha ya mpira, ugenini alisawazisha dakika za mwisho, na kombe likabaki kwa mwenyeji. Hata hivyo alichonga habari za ushindi Karnak, Luxor, Abydos, Abu Simbel na katika hekalu lake la Ramesseum. Kwa vile kuta zake zimesimama mpaka leo na watalii wanazipiga picha, yeye ndiye anayesikika.

Miaka kama 15 baadaye, mwaka 1259 KK, alifunga mkataba wa amani na mfalme Hattusili wa Tatu. Tuna nakala za pande zote mbili: ile ya Misri imechongwa hekaluni, na ile ya Wahiti iko kwenye vibao vya udongo vilivyofukuliwa katika mji wao mkuu, Hattusa. Walikubaliana kutoshambuliana, kusaidiana wakivamiwa, na kurudishiana wakimbizi, kwa sharti kwamba anayerudishwa asiadhibiwe, wala mke na watoto wake. Nakala yake imetundikwa makao makuu ya Umoja wa Mataifa, New York. Kwangu mimi hili ndilo tendo kubwa la kijeshi la Ramesses, na si lile la kwenye gari.

Je, walikuwa watumwa?

Dhana ya jeshi la watumwa ina chanzo chake, na chanzo hicho kimo ndani ya Kiswahili. Tunasema "mamluki" kwa askari wa kukodiwa. Neno hilo ni la Kiarabu, mamluk, "aliyemilikiwa", na linatokana na askari watumwa walionunuliwa wakiwa vijana, wakafunzwa vita, na ambao hatimaye waliitawala Misri wenyewe kuanzia 1250 hadi 1517 BK. Kwa hiyo Misri iliyotawaliwa na askari watumwa ilikuwepo kweli, ila ni zaidi ya miaka elfu mbili baada ya Ramesses.

Askari wa mafarao walikuwa mchanganyiko. Kulikuwa na vijana wa vijijini walioandikishwa, na wengi hawakupenda. Makarani walikuwa na maandishi ya kuwafundishia wanafunzi, yakimdhihaki askari anayepanda milima ya Shamu na mkate wake begani kama mzigo wa punda, na kurudi nyumbani kama mti ulioliwa na wadudu. Ni maneno ya mwalimu anayetaka mtoto ashike kalamu, lakini hayakutoka hewani. Kulikuwa na familia za kijeshi zilizopewa mashamba na kurithishana utumishi. Mafunjo ya kodi ya ardhi ya karibu 1145 KK yanaorodhesha askari na watunza farasi kati ya wenye viwanja. Kulikuwa na mateka walioingizwa jeshini, na hao ndio waliokaribia hali ya utumwa. Na kulikuwa na wageni wa malipo, kama Washerden, watu wa baharini waliovaa kofia zenye pembe. Walianza kama maharamia, na kufikia Kadeshi wako katika walinzi wa karibu wa Ramesses. Wamedjay wa jangwa la Nubia nao wakawa polisi wa Misri, mpaka neno Medjay likamaanisha polisi kuliko kabila.

Upinde unaporudi

Karibu 728 KK, mfalme wa Kush, dola ya Wanubi, aitwaye Piye alishuka na Nile kutoka Napata, katika Sudan ya leo, akaitiisha Misri yote. Nchi ya upinde ikatoa mafarao. Jiwe lake la ushindi, lililopatikana Jebel Barkal mwaka 1862, linasimulia kwamba alipoingia Hermopolis alikwenda zizini na kukuta farasi wamedhoofu kwa njaa ya kuzingirwa, akamkasirikia mfalme wa mji kwa hilo kuliko kwa kosa lolote jingine. Farasi walioingia Misri kutoka kaskazini kupitia Avaris walikuwa wamepata mpenzi wao mkubwa kusini.

Kisha wakaja Waashuru, waliokuwa na silaha za chuma na ujuzi wa kuvunja kuta: Memphis ilianguka 671 KK na Thebes ikaporwa 663 KK. Wafalme waliofuata wakaegemea askari wa Kigiriki na wa Karia. Karibu 592 KK baadhi yao, wakiwa safarini kwenda Nubia, walikwaruza majina yao kwenye mguu wa sanamu ya Ramesses pale Abu Simbel. Yanasomeka hadi leo.

Na paka? Mwaka 525 KK Waajemi chini ya Cambyses waliwashinda Wamisri huko Pelusium. Kisa cha paka waliopangwa mbele ya jeshi ili Wamisri waogope kupiga mishale kiliandikwa na mwandishi wa Kigiriki Polyaenus, zaidi ya miaka 600 baadaye. Mwanahistoria wa Kigiriki Herodotus, aliyefika Misri miaka kama 75 tu baada ya vita na kuandika kwamba aliiona mifupa ya waliokufa bado uwanjani, hataji paka hata mmoja. Anachokitaja ni kamanda wa kukodiwa, Phanes wa Halicarnassus, aliyemtoroka farao na kwenda kumweleza Cambyses jinsi ya kulivuka jangwa. Wafalme waliotegemea upanga wa kununua walikuwa pia wameuza ramani ya nyumba yao.

Wayunani waliotawala baada ya Alexander walilijua hilo na wakaendelea kuwategemea askari wa kwao, wakiwaacha Wamisri mashambani. Mpaka mwaka 217 KK, mfalme wao Ptolemy wa Nne alipokabiliwa na jeshi kubwa la Antiochus, mfalme wa Shamu, huko Raphia, karibu na Gaza. Alikuwa na tembo 73, waliokamatwa upande wa Bahari ya Shamu katika Sudan na Eritrea za leo, dhidi ya tembo 102 wa Kihindi. Wengi wa kwake waliwakimbia wale wa Kihindi. Kilichomwokoa ni askari wa miguu, na kati yao walikuwemo wakulima wa Kimisri wapatao 20,000, waliopewa mikuki mirefu na kufunzwa kwa haraka kupigana safu kwa safu kama Wamakedonia.

Walishinda. Mwanahistoria Polybius anaandika kwamba tangu siku ile Wamisri hawakukubali tena kuamrishwa, wakatafuta kiongozi. Mwaka 206 KK hivi kusini kuliasi, Thebes ikamtawaza farao wake mwenyewe, Horwennefer, na baada yake Ankhwennefer. Ilichukua miaka 20 mpaka jeshi la Ptolemy wa Tano kumkamata Ankhwennefer, mwaka 186 KK. Alipopigana vita yake ya mwisho, jeshi la Kinubi lilikuwa upande wake.